Rusinga na Mfangano: namna ya kuzitembelea ukianzia kwa mawe

Watu wengi wa Kisumu tumefika Rusinga, kile kisiwa cha Ziwa Victoria kando ya Mbita, na wengi tumefika kwa njia moja. Unashuka Mbita, unavuka daraja, boda inakupeleka kwa kaburi la Tom Mboya, yule waziri wa zamani, unapiga picha tatu, unakula samaki, jioni uko kwa matatu unarudi. Mimi pia mara ya kwanza nilienda hivo na kundi la kanisa. Mara ya pili nilienda na mjomba wa mke wangu ambaye amezaliwa kule Kaswanga, na mzee hakunipeleka kwa kaburi kwanza. Alisimamisha boda kando ya barabara, akanyoosha mkono ng'ambo ya maji kule upande wa Gwasi akaniambia, "Ora, unaona ile milima? Hiyo ilikuwa mlima mmoja wa moto. Sisi hapa tunakaa juu ya majivu yake."

Hiyo sentensi ndio ilinifungua macho, na ndio maana naandika huu mwongozo kwa mpangilio wa mzee, mawe kwanza, alafu wanyama, alafu watu wa kale, alafu Abasuba wenyeji wa hivi visiwa, alafu Mboya. Ukienda kwa huo mpangilio kila kitu kinashikana. Ukianza na kaburi unaona tu kaburi.

Tenga siku tatu. Mbili zinawezekana lakini utakimbia, na Mfangano haitaki mtu wa kukimbia.

Kabla ya kutoka Kisumu

Pitia Kisumu Museum asubuhi moja, iko hapo kwa barabara ya kwenda Nairobi. Kuna boma la Kijaluo limejengwa lote na nyumba zake na maghala, na ukiliangalia vizuri itakusaidia baadaye ukifika visiwani uelewe kitu gani ni cha Kijaluo na kitu gani Abasuba walikuja nacho. Usikae sana, saa moja inatosha.

Beba pesa taslimu kidogo kwa ajili ya zile bichi ndogo za wavuvi, ingawa M-Pesa inafanya kazi sehemu nyingi. Beba viatu vya kushika mawe, kofia, maji, dawa ya mbu, na tochi. Maji ya ziwa usinywe bila kuchemsha na usiende kuogelea pale karibu na matete, kichocho iko. Nauli sitaandika hapa maana zinabadilika kila mwaka, uliza steji na uulize watu wawili.

Njia

Ziko mbili. Ya kwanza unatoka Kisumu unaenda Bondo mpaka Luanda Kotieno, hapo unapanda feri inakuvusha mpaka Mbita. Hii ndio naipenda kwa mtu anaenda mara ya kwanza, sababu unaviona visiwa vikikuja pole pole, Rusinga mbele yako imeinuka kama mgongo wa ng'ombe na Mfangano nyuma yake kwa mbali ikiwa ya samawati. Uliza ratiba ya feri siku moja kabla, ukiikosa ya jioni utalala Luanda.

Ya pili ni ya barabara: Kisumu, Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Wa kutoka Nakuru anapitia Kericho mpaka Ahero anaingia hiyo hiyo. Ni ndefu lakini iko na faida moja kubwa, unapita Simbi Nyaima.

Simama Simbi. Tafadhali usipite. Ni ziwa dogo la duara karibu na Kendu Bay, maji ya kijani na ya chumvi, na liko hapo kando tu ya ziwa kubwa lenye maji matamu. Hadithi yake karibu kila mtoto wa Nyanza anaijua, bibi mzee alifika kijijini usiku watu wakiwa kwa sherehe, akaomba mahali pa kulala, wakamfukuza, mvua ikanyesha na kijiji chote kikazama, ndio maana jina lenyewe linamaanisha kijiji kilichozama. Wanajiolojia wanasema ni kreta, yaani joto la chini lilikutana na maji ya chini ya ardhi, ardhi ikalipuka ikabaki shimo, shimo likajaa maji. Mimi naona hizo hadithi mbili hazigombani, zote zinakuambia hapa ardhi ilifunguka. Ukiwa na bahati utakuta heroe wamejaa pembeni, pinki kabisa.

Kutoka hapo ukielekea Homa Bay utaona Homa Hills upande wa kulia, hiyo nayo ni volkano ya zamani. Kwenye hiyo rasi kuna mahali panaitwa Nyayanga ambapo watafiti walitangaza mwaka wa 2023 kwamba wamepata zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya kiboko iliyochinjwa. Zaidi ya milioni mbili na nusu! Na sisi hupita hapo tumelala kwa matatu.

Ukifika Mbita, angalia mlima kwanza

Kabla hujavuka daraja simama uangalie kusini. Milima ya karibu ni Gembe, ya mbali nyuma yake ni Gwasi. Hayo ni mabaki ya Kisingiri, volkano kubwa iliyokuwa inawaka miaka kama milioni 20 iliyopita na kuendelea, na kitovu chake ni pale Rangwa. Sasa fikiria mlima mmoja mkubwa, mteremko wake wa kaskazini ukishuka mpaka mahali umesimama na kupita. Rusinga na Mfangano ni vipande vya huo mteremko. Mvua ikaula kwa mamilioni ya miaka, ardhi ikapasuka ikashuka, na mwishowe kabisa ndio maji yakakuja.

Shika hiyo, ndio watu hukosea: kisiwa ni kizee kuliko ziwa. Ziwa Victoria lina miaka kama laki nne hivi, na hata lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita kabla ya kujaa tena. Kwa hivo wale wanyama utasikia habari zao Rusinga hawakuwa wanyama wa kisiwani, walikuwa wanatembea msituni chini ya mlima wa moto, hakuna ziwa.

Kingine, majivu ya Kisingiri hayakuwa majivu ya kawaida. Yalikuwa na magadi na chokaa nyingi, aina moja na ya Ol Doinyo Lengai kule Tanzania ambayo ndio peke yake duniani inawaka hivo mpaka leo. Udongo wa kawaida wa msitu una asidi, unakula mfupa ukaisha. Majivu ya chokaa yanafanya kinyume, yanaulinda mfupa, na mbegu, na mpaka wadudu. Hiyo ndio sababu Rusinga ina visukuku vingi hivyo, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, na si kwa sababu wanyama walikuwa wengi hapa kuliko kwingine.

Alafu vuka. Hapo kwa daraja wazee watakuambia kulikuwa na barabara ya kujaza mawe na udongo, ilijengwa miaka ya 1980, ikaunganisha kisiwa na bara lakini ikaziba maji yasipite, upande mmoja magugu yakajaa na samaki wakapungua. Siku hizi ni daraja la kweli na maji yanapita chini. Simama katikati uangalie chini uone mkondo.

Rusinga: tafuta mtu wa hapo, alafu shuka chini uangalie udongo

Usiende peke yako. Sababu si usalama, ni kwamba yale maeneo ya visukuku ni mashamba ya watu, kuna mahindi, kuna mbuzi, kuna makaburi ya familia. Uliza pale Mbita ama kwa hoteli unayolala wakupatie kijana ama mzee anayejua Hiwegi na Kaswanga, wengine wao wamefanya kazi na watafiti miaka mingi na macho yao ni makali ajabu. Elewaneni malipo kabla ya kuanza. Na ukifika kwa boma, salimia kwanza, "oyawore" kama ni asubuhi, ngoja uitikiwe, alafu ndio useme shida yako.

Kisiwa ni kirefu kama kilomita 16, na katikati kuna mlima Lunene. Angalia umbo lake ukiwa chini: juu kuna kofia ya lava ngumu nyeusi, chini yake tabaka za majivu laini, kijivu, rangi ya maziwa na mchanga, zimepangana kama chapati kwa sahani. Lava ilikuja mwisho ikafunika. Pale maji ya mvua yamekata korongo ndipo majivu yanafunguka na vitu vinatoka.

Mahali mzee alinipeleka palikuwa genge tupu bila nyasi. Akaniambia nichuchumae na nisiangalie mbali, niangalie mita moja tu mbele yangu. Dakika ya kwanza niliona changarawe tu. Alafu nikaona vitu vinang'aa kama magamba ya samaki, vidogo vyeusi vya dhahabu, akasema hiyo ni maika, ilitoka ndani ya mlima. Alafu akanionyesha konokono. Konokono mzima, mizunguko yake yote iko, ukubwa wa kidole gumba, lakini ni jiwe. Ukiwa umemshika unahisi uzito wake si wa konokono. Alikuwa anatambaa msituni miaka kama milioni 18 iliyopita, majivu yakamfunika. Nikamrudisha pale pale nilipomtoa, upande ule ule.

Na wewe urudishe. Kuokota kisukuku bila leseni ni kosa, sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka wa 2006 iko wazi, lakini hata bila sheria, kitu kikitoka mahali pake hakisemi tena kilitoka tabaka gani, kinabaki jiwe tu kwa meza yako. Piga picha, mwonyeshe kiongozi, basi.

Sasa hadithi kubwa ya hapa. Mwaka wa 1948, mwezi wa kumi, Louis na Mary Leakey, mtu na mkewe watafiti wa visukuku, walikuwa wanachimba Rusinga. Louis alikuwa ameshughulika na mamba wa kale, Mary hakuwa na hamu na mamba, akatembea kando peke yake akiangalia mteremko, akaona vipande vya mfupa na jino. Kilikuwa kichwa cha Proconsul, sokwe wa kale, kichwa cha kwanza cha aina hiyo kuwahi kuonekana kikiwa na uso. Kilikuwa vipande vipande, Mary akaviunganisha, na mwaka huo huo akakipeleka Uingereza kwa ndege. Kilikaa huko miaka mingi, baadaye kikarudishwa Kenya.

Jina Proconsul lenyewe linatoka karibu na Kisumu. Mifupa ya kwanza ilitoka Koru, na mwaka wa 1933 mtaalamu mmoja wa London akaiita hivyo kwa kumfuata sokwe mmoja maarufu wa maonyesho kule Ulaya aliyeitwa Consul. Lakini ninayoipenda mimi ni ya baadaye. Mwaka wa 1993 aina ndogo ya Rusinga ilipewa jina heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyekuwa mkono wa kulia wa Leakey kwa miaka na miaka. Na mwaka wa 2015 wataalamu wakasema hawa wa Rusinga wanatofautiana na wa Koru, wakawapa jina lao, Ekembo, neno la Kisuba. Kwa hivo jina kamili siku hizi ni Ekembo heseloni. Ukifika pale litaje kwa sauti, jina zima ni la hapa kwetu.

Uliza pia habari ya mti. Kuna mti ulioishi enzi hizo, shina lake lilikuwa na uwazi ndani, ukazibwa na majivu ukabaki nguzo ya mawe imejaa mifupa. Mwaka wa 1951 watafiti walitoa mifupa mingi ya sokwe humo, nyingine ikachanganywa na ya wanyama wengine kwa droo za makumbusho, na ni mpaka kama mwaka wa 1980 ndio watafiti wakafungua zile droo wakakuta sehemu nyingine za yule yule sokwe, mikono, miguu. Miaka thelathini alikuwa amelala kwa droo!

Na kama kiongozi wako anajua Wakondo, mwambie akuonyeshe. Hapo ni kipindi kingine kabisa, cha karibu zaidi, wakati watu kama sisi walikuwa tayari wanatengeneza zana za mawe. Kulikuwa na mnyama anaitwa Rusingoryx, jamaa wa nyumbu, alikuwa na pua imeinuka juu kama tarumbeta, hayuko tena popote. Alikuwa wa mbuga ya nyasi, na hiyo inakuonyesha hapa palishawahi kuwa msitu, pakawa mbuga, alafu pakawa kisiwa.

Sasa nenda kwa Mboya

Ukiwa umechoka na jua na vumbi la Hiwegi liko kwa viatu, ndio wakati mzuri wa kwenda. Kaburi liko kwa boma la kina Mboya na jengo lake lina umbo la risasi. Ndani kuna picha na vitu vyake. Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo karibu na Thika, baba alikuwa anafanya kazi kwa shamba la mkonge, lakini nyumbani ni Rusinga na ndio akarudishwa baada ya kupigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Alikuwa waziri, na hakuwa amefikisha miaka 39.

Muulize anayekutembeza habari ya zile ndege za wanafunzi ambazo Mboya alisaidia kupanga. Kundi la kwanza la mwaka wa 1959 lilikuwa wanafunzi 81 walioenda kusoma Marekani, na mwaka wa 1960 ndio Wangari Maathai naye alienda kwa huo mpango. Keti kidogo hapo nje chini ya mti. Wageni wengi hawaketi. Hapo ndipo watu wa boma hukuja kuongea, na nimesikia mambo hapo ambayo hayako kwa kitabu cha shule.

Lala Mbita ama Rusinga. Jioni kula samaki wa ngege na ugali na mboga ya osuga, na usiku ukiangalia majini utaona taa nyingi kama mji, hao ni wavuvi wa omena.

Mfangano

Boti zinatoka Mbita, na safari ni kama saa moja na nusu kulingana na boti na bichi ngapi inasimama. Toka na ya asubuhi, ziwa limetulia. Vaa laifu jaketi na ufunge kamba zake zote, si kuiweka mapajani, na boti ikiwa imejaa kupita kiasi shuka ungoje nyingine. Siku moja nililazimisha kurudi saa tisa upepo ukiwa umeshainuka, kwa sababu nilikuwa na kazi kesho yake, na katikati ya maji mawimbi yalianza kuingia ndani, akina mama wakaanza kuomba kwa sauti na sote tukawa tunateka maji na vikombe vya chai. Tulifika salama. Tangu hapo nikifika Mfangano nalala.

Ukikaribia, mlima Kwitutu unakujia moja kwa moja kutoka majini. Kilele ni mita 1,694 juu ya bahari na ziwa liko kama 1,135, kwa hivo ni zaidi ya mita mia tano za kupanda. Ukishuka Sena, uliza Abasuba Community Peace Museum. Anza hapo, lipa, wao ndio watakupatia mtu wa kukupeleka kwa michoro.

Michoro iko sehemu mbili maarufu, Mawanga na Kwitone. Ni duara ndani ya duara, na mizunguko, na miale kama ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Hakuna mtu wala mnyama amechorwa. Hawakuchora Abasuba, wataalamu wengi wanasema ni kazi ya Watwa, wawindaji waliokaa hapa kabla ya Wabantu na Wajaluo, na michoro ya aina hiyo iko pia Kakapel kule Busia na Nyero Uganda. Lakini waliokuja baadaye waliiheshimu na wakaihusisha na mvua. Kwa hivo usiguse, usimwagie maji ili rangi itokee vizuri kwa picha, na kiongozi akikuambia hapa tunanyamaza, nyamaza. Kwitone iko juu, njia ni ya mawe, wazee wenu muwaache Mawanga ambayo ni rahisi kufika.

Angalia jiwe lenyewe pia sio rangi tu. Ni jiwe la ile ile Kisingiri. Mtu alitafuta ukuta laini wa volkano uliojikunja kama paa, akaukuta mkavu, akachora.

Alafu zungumza na wazee kuhusu Abasuba. Wao husimulia kwamba walitoka upande wa Buganda na Busoga, walikimbia vita vya ufalme, wakavuka ziwa kwa mitumbwi miaka ya kama 1700 na kitu wakatulia kwa hivi visiwa. Walioana na Wajaluo, wakafanya biashara nao, na pole pole Dholuo ikachukua nafasi nyumbani. Rusinga leo ni vigumu kusikia Kisuba. Mfangano bado kiko, kwa wazee hasa. Kwa hivo usiulize tu historia, muombe bibi akusalimie kwa Kisuba na umwitikie vile atakufundisha, hata kama utakosea mara tatu. Bibi mmoja pale juu ya Sena alinirudisha mara nne mpaka nikapata, wajukuu wake wakiwa wanasikiliza mlangoni, na yule mdogo akaanza kurudia pamoja na mimi.

Ukipata nafasi ya Desemba, Rusinga huwa na tamasha la utamaduni mwishoni mwa mwaka, ngoma, vyakula, mbio za mitumbwi. Lakini vyumba hujaa mapema, pigia simu wiki kadhaa kabla.

Kurudi

Panda boti ya kwanza asubuhi, muulize nahodha jioni iliyotangulia inatoka saa ngapi na umwachie namba yako, maana ikijaa mapema haingoji. Ukikaa upande wa kushoto ukielekea Mbita utapata jua la asubuhi likipiga Lunene, na zile tabaka za majivu zinaonekana moja moja.

Kile kichwa alichokipata Mary Leakey hakiko Rusinga, kinatunzwa Nairobi na makumbusho ya taifa. Siku ukiwa Nairobi pita Museum Hill, mwambie wa mapokezi unataka kuona mambo ya Rusinga.